Kutoka Msio hadi Sindano: Historia ya Maneno ya Kutunza Ngozi katika Kisiwa cha Mafia

Wafasiri, walimu na watumishi wa serikali huletewa mara kwa mara maandishi ya kigeni yahusuyo tiba za kuufanya uso uonekane wa ujana pasipo upasuaji. Maandishi hayo yamejaa majina mapya ya sindano, asidi, miale na vifaa, na yule anayetakiwa kuyatia katika Kiswahili aghalabu huwa na haraka. Hivyo huchukua njia moja kati ya mbili zilizo rahisi: ama hulichukua jina la biashara kama lilivyo, ama huitafsiri ahadi ya muuzaji, akaandika "kurudisha ujana" au "kupambana na uzee". Njia zote mbili zina kasoro moja, nayo ni kwamba hazimwambii msomaji ni jambo gani litakalofanywa katika mwili wake.

Makala haya yana madhumuni mawili. La kwanza ni kuonyesha kwamba watu wa pwani yetu walikwisha kuwa na msamiati wa kutunza ngozi uliopangika vizuri kabla ya tiba hizi kubuniwa. La pili ni kueleza funzo lililomo katika historia ya msamiati huo: pale jina linapobaki lile lile na kitu chenyewe kikabadilika, anayeumia ni yule aliyeliamini jina. Mfano wetu ni kisiwa cha Mafia.

Kwa nini Mafia

Kisiwa cha Mafia kiko baharini, mkabala na delta ya mto Rufiji, kati ya Unguja na Kilwa. Pamoja na visiwa vidogo vya Chole, Juani, Jibondo na vinginevyo, ni wilaya moja ya Mkoa wa Pwani, na makao yake makuu ni Kilindoni. Magofu ya Kua katika kisiwa cha Juani, na yale ya Kisimani Mafia, ni ushahidi kwamba watu wa hapo walikuwa na miji na biashara ya ng'ambo tangu karne nyingi zilizopita. Kisiwa kilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar hadi mwaka 1890, kikachukuliwa na Wajerumani, ambao boma lao lilikuwa Chole kabla ya kuhamishiwa Kilindoni mwaka 1913, kisha kikatekwa na Waingereza mwezi Januari mwaka 1915. Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake kaskazini mwa kisiwa mwaka 1965, aliwakuta humo Wambwera, Wapokomo, Wagunya na wengineo wakiishi pamoja.

Mchanganyiko huo wa watu na vyombo vya bahari una maana kwa mwanaistilahi. Vitu vya urembo vilisafiri kwa jahazi pamoja na majina yake. Manjano, hina, udi, sandali na marashi vilipita katika bandari zile zile zilizopitisha nguo na vyungu. Katika uchimbuzi wa Kilwa, kusini mwa Mafia, Neville Chittick alipata vijiti vya shaba vya kutilia wanja. Kwa hiyo kujipamba kwa vitu vilivyonunuliwa kutoka mbali si jambo lililoanza juzi na magazeti ya matangazo.

Lakini kitu cha kwanza katika utunzaji wa ngozi hakikutoka mbali. Mafia ni kisiwa cha minazi, na mafuta ya nazi hutengenezwa nyumbani: nazi hukunwa kwa mbuzi, tui likakamuliwa, kisha likachemshwa hata mafuta yakajitenga. Tusisahau pia jasho lililomo katika historia ya mafuta hayo. Mashamba makubwa ya minazi ya karne ya 19 yalilimwa na watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria katika Tanganyika hadi mwaka 1922.

Msamiati wa msio

Tuyatazame sasa maneno yenyewe. Kama kwingineko pwani, liwa ni ubao wenye harufu nzuri unaosagwa kwa maji juu ya jiwe, na jiwe hilo lina jina lake, yaani msio. Rojo linalopatikana hupakwa usoni. Dalia ni unga wa manjano wenye manukato. Singo ni mchanganyiko wa vitu vya kunukia wa kusugulia mwili. Wanja hutiwa machoni na kwenye nyusi. Liwa na dalia zilikwisha kuingizwa katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, iliyotolewa kwa usimamizi wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Maneno haya, basi, yamo katika maandishi ya Kiswahili Sanifu tangu mwanzo wake.

Jambo la kuzingatia zaidi si majina ya vitu bali ni vitenzi. Kupaka ni kuweka kitu juu ya ngozi. Kusinga ni kukisugua kitu hicho mpaka mwili ukikubali. Kuchua na kukanda ni kuishughulikia nyama iliyo chini ya ngozi, kwa mikono au kwa maji ya moto. Kukwatua ni kuondoa uchafu na kuacha mng'aro. Kuchubua ni kuitoa ngozi yenyewe ya juu. Kuambua ni kubandua ganda, au ngozi inayotoka kama ganda. Kuchanja ni kuikata ngozi ili kitu kipite, na kudunga ni kuitoboa kwa ncha. Kila kitenzi kinasema wazi ni umbali gani mkono umekwenda katika mwili wa mtu.

Na kila umbali ulikuwa na mwenyewe. Kupaka na kusinga ilikuwa kazi ya jamaa wa kike, somo na kungwi. Chale zilichanjwa na mganga, na tohara ilifanywa na ngariba. Mpaka uliowekwa na jamii ulikuwa ngozi: kilicho juu yake kiliachiwa watu wa nyumbani, na kilichopita ndani yake kilitakiwa kufanywa na mtu anayejulikana kwa kazi hiyo. Tutaurejea mpaka huu baadaye, kwa kuwa ndio unaokosekana katika istilahi za sasa.

Isidhaniwe kwamba mwandishi anadai kila kilichokuwa cha kale kilikuwa salama. Wanja wa aina fulani huwa na madini ya risasi, nayo risasi ni sumu, hasa kwa watoto wachanga wanaotiwa wanja machoni. Hoja yetu ni kwamba lugha ilikitaja kitendo kwa uwazi. Usalama wa kila kitu ni suala la wataalamu wa afya.

Urembo na umri

Maandishi ya kigeni huufanya umri kuwa adui. Katika mila za pwani, kazi ya urembo ilikuwa pana kuliko kuficha miaka, kwani ulitangaza hali ya mtu. Mwali aliyetolewa ndani alionekana kwa ngozi yake iliyosingwa. Bibi harusi alijulikana kwa hina ya mikono na miguu. Mzazi alikandwa kwa maji ya moto katika siku arobaini zake. Mjane naye, katika eda ya miezi minne na siku kumi, aliacha wanja, hina na manukato, na kila aliyemwona alifahamu sababu. Kuwapo na kutokuwapo kwa vitu hivi kulisomwa kama maandishi.

Ni kweli kwamba watu walitamani pia kuonekana vijana. Hina na rangi nyeusi zilitumika kufunika mvi, na methali yasema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Lakini mzee katika Kiswahili ni cheo. Shikamoo hutolewa kwa aliyetangulia, na mtu huitwa mzee au bibi kwa heshima. Mfasiri anayeandika "dawa ya kupambana na uzee" ameleta katika lugha vita ambavyo lugha haikuvitangaza, na wala hajaeleza dawa hiyo inafanya nini. Anayetaka kutaja ngozi ya mtu aliyepita ujana anaweza kuandika "ngozi ya mtu wa makamo", na msomaji ataelewa bila ya kutukanwa.

Majina yaliyobaki, vitu vilivyobadilika

Mfano wa kwanza wa hatari tuliyoitaja ni hina. Hina ya asili ni majani yaliyosagwa, na rangi yake ni ya wekundu. Baadaye ilitokea rangi nyeusi kabisa, inayokolea kwa muda mfupi, ambayo watu huiita piko au "hina nyeusi". Rangi hiyo mara nyingi hutengenezwa kwa dawa ya nywele yenye kemikali iitwayo parafenilenidiamini, na kemikali hiyo ikikaa juu ya ngozi yaweza kuleta malengelenge na makovu kwa watu ambao miili yao haiivumilii. Neno "hina nyeusi" limechukua imani yote waliyokuwa nayo watu kwa hina, likaipa kitu ambacho si hina. Neno piko ni bora zaidi, maana angalau halidanganyi kuhusu asili yake.

Mfano wa pili ni mkorogo. Neno limeundwa kwa ufundi wa kawaida wa Kiswahili kutokana na kitenzi koroga, kama mchezo kutokana na cheza. Linataja krimu, sabuni na dawa zilizochanganywa ili kuondoa weusi wa ngozi. Katika michanganyiko ya namna hiyo hupatikana zebaki, haidrokwinoni na steroidi. Zebaki huharibu figo. Steroidi zikitumiwa kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba na dhaifu. Haidrokwinoni yaweza hatimaye kuacha madoa meusi ambayo hayatoki. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kusafirisha nje vipodozi vyenye zebaki ya kuongezwa inayozidi sehemu moja katika milioni.

Tazama sasa majina matatu yaliyopewa jambo hili moja. Muuzaji husema kung'arisha. Hilo ni jina la ahadi. Mtengenezaji husema mkorogo. Hilo ni jina la kuchanganya, nalo halisemi kitu juu ya ngozi. Watu wa kawaida husema kujichubua. Hilo ni jina la kitendo. Bila ya kamati wala semina, wananchi wamelichagua neno lililo sahihi kuliko yote, kwa sababu walikwisha kulijua: kuchubua ni kuitoa ngozi ya juu. Mwalimu wa afya anayetaka kueleweka hana haja ya kutafuta neno jingine. Methali nayo imekwisha kutoa hukumu: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Sindano na asili yake

Tiba mpya zinazotusumbua leo zina historia inayofaa kujulikana na anayezitafsiri. Katika miaka ya 1820, daktari wa Kijerumani Justinus Kerner alieleza kwa kina ugonjwa uliowapata watu waliokula soseji zilizoharibika. Mwaka 1897 Mbelgiji Émile van Ermengem alitangaza bakteria inayotoa sumu hiyo. Jina la sumu, botulini, limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya soseji. Miaka mingi baadaye daktari Alan Scott wa San Francisco aliitumia kwa kiasi kidogo sana kutibu makengeza, na mwaka 1989 Marekani ikaidhinisha matumizi hayo. Mwaka 1992 Jean na Alastair Carruthers, madaktari wa Kanada, walichapisha taarifa kwamba sumu hiyo hupunguza makunyanzi ya katikati ya nyusi. Mwaka 2002 Marekani iliidhinisha itumike kwa ajili hiyo, na jina la biashara, Botox, likaenea duniani.

Sumu hii huizuia neva isipeleke amri kwenye msuli. Msuli hulegea, na ngozi iliyo juu yake ikatulia. Baada ya miezi mitatu au minne nguvu yake huisha, na makunyanzi hurudi.

Sindano ya pili ni ya kujaza. Kinachodungwa mara nyingi ni asidi ya hayaluroniki, ambayo Karl Meyer na John Palmer waliipata mwaka 1934 katika jicho la ng'ombe. Jina lake lina asili ya neno la Kiyunani la kioo. Hukaa chini ya ngozi na kuinyanyua mahali ilipobonyea. Ikidungwa kwa bahati mbaya ndani ya mshipa wa damu, yaweza kuua sehemu ya ngozi au kupofua jicho.

Zaidi ya sindano hizo kuna asidi za kuambua ngozi, ambazo baadhi yake ni za jamii ya zile zipatikanazo katika maziwa yaliyoganda na katika miwa, na kuna leza, mwanga uliotengenezwa kwa mara ya kwanza na Theodore Maiman mwaka 1960, ambao waweza kuchoma tabaka la juu la ngozi ili jipya liote. Zimetokea pia sindano zinazouzwa kwa ahadi ya kung'arisha ngozi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imewaonya watu juu yake na kusema kwamba haijaidhinisha hata moja. Hapa mkorogo umevuka mpaka: ulikuwa ukipakwa, sasa unadungwa.

Neno na ofisi

Huenda msomaji akauliza kama haya yote si ubishi wa maneno tu. Sivyo. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 iliviweka vitu hivyo vitatu chini ya mamlaka moja, yaani TFDA. Mwaka 2019 usimamizi wa chakula na vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, na mamlaka ile ikawa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Tangu hapo swali "je, hiki ni kipodozi au ni dawa?" limekuwa pia swali la "je, ni kazi ya ofisi gani?"

Tuchukue mfano wa mtumishi wa afya aliyeko Kilindoni, anayetakiwa kuandika tangazo la onyo. Akiandika "vipodozi vya sindano", amekiweka kitu cha dawa katika kundi la poda na mafuta. Mwenye duka atakayesoma tangazo hilo ataona kwamba sindano ni ndugu ya krimu aliyokwisha kuiuza miaka yote. Mkaguzi naye atadhani ni kazi ya mwenzake. Kipodozi kimetokana na podoa, yaani kujipamba usoni kwa wanja na vitu vya namna hiyo. Maana yake ya asili haiivuki ngozi. Kitu kinachodungwa hakiwezi kuwa kipodozi, hata kama kusudi lake ni urembo.

Hata maneno "bila upasuaji" yanahitaji uangalifu. Ni tafsiri sahihi ya maneno ya kigeni, lakini yanaitaja tiba kwa kile isichokuwa. Humpa msomaji utulivu kwa kumwambia hakuna kisu, yakaacha kumwambia ipo sindano. Wazee wetu waliuweka mpaka kwenye ngozi, nao hawakuuweka kwenye kisu. Mwandishi anaona mpaka wao unafaa zaidi.

Mapendekezo

Kutokana na historia hii, kanuni nne zinapendekezwa kwa watakaounda au kutumia istilahi za fani hii.

Kwanza, istilahi itaje kitendo. Iseme kupaka, kuambua, kuchoma, kudunga au kujaza.

Pili, kitu kinachotumiwa kitajwe kwa jina lake, hata kama ni la kukopa. Neno sumu lisiondolewe katika "sumu ya botulini" kwa ajili ya kumfurahisha mnunuzi.

Tatu, ahadi isiwe istilahi. "Kurudisha ujana" na "kung'arisha" yabaki kuwa maneno ya tangazo, na mfasiri akilazimika kuyaandika ayatie katika alama za kunukuu.

Nne, tiba za juu ya ngozi na tiba za ndani ya ngozi zitenganishwe, na neno kipodozi litumike kwa zile za juu peke yake.

Kwa kufuata kanuni hizo twapata mifano ifuatayo: sindano ya kulegeza misuli ya uso, kwa tiba ya sumu ya botulini, kijazo cha ngozi, wingi vijazo, kwa kitu kinachodungwa ili kujaza, uambuaji wa ngozi kwa asidi, na uchomaji wa ngozi kwa leza. Kwa jumla yake tunapendekeza tiba ya urembo, ikigawanywa katika tiba ya juu ya ngozi na tiba ya ndani ya ngozi. Baadhi ya majina haya ni marefu. Urefu ni kasoro, lakini ni kasoro ndogo kuliko ufupi unaoficha sindano, na matumizi yatayafupisha yale yatakayokubaliwa.

Kuna jambo moja la mwisho kuhusu Mafia. Mwani unaolimwa katika bahari yetu, pamoja na ule wa visiwa vya Mafia, huuzwa ng'ambo na kutolewa utomvu uitwao karajinani, ambao hutiwa katika vyakula, dawa za meno na krimu za ngozi. Krimu ya namna hiyo yaweza kurudi kwetu ikiwa na maelezo ya lugha ya kigeni, na mwanamke aliyesimama majini Jibondo akiufunga mwani kambani asiweze kuyasoma. Kumtafsiria maelezo hayo kwa vitenzi anavyovijua ni wajibu wa kazi yetu. Wasomaji walio na maneno mengine ya kutunza ngozi, hasa yale ya vijiji vya Mafia, Rufiji na Kilwa ambayo hayajaingizwa katika kamusi, wanaombwa kuyaleta mbele ya Baraza, pamoja na maelezo ya kitendo ambacho kila neno linakitaja.